Akina Ravelina wa Kliniki

"Mama Ravelina ni mimi, na nimefika hapa kabla geti halijafunguliwa!"

"Na mimi ni mama nani? Mama paka?"

"Wewe ulitoka nje kununua soda. Aliyetoka kwenye foleni kajitoa mwenyewe."

"Nani kajitoa? Niliacha mkoba wangu kwenye kiti. Muulize huyu kaka!"

Ukumbi wa kliniki ya watoto ulikuwa umejaa mpaka madirishani, na kila mwenye mdomo alikuwa na la kusema. Wanawake watatu walisimama mbele ya mizani, kila mmoja na mtoto wa kike begani, na wa nne alikuwa anajipenyeza kutoka nyuma akisema samahani jamani, samahani, nimesikia zamu yangu. Muuguzi aliyeliita jina hilo alishika kiuno akawatazama. Alikuwa mrefu, mwembamba, gauni lake jeupe limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, nywele zimebanwa nyuma kama za mtu asiyetaka usumbufu. Akina mama walimwita Sista Pilipili, kwa sababu ya sindano zake na ulimi wake. Aliwahi kulisikia jina hilo kupitia dirishani na hakuona sababu ya kukasirika.

"Kimya!" alisema. "Ravelina wa gauni la njano, panda kwenye mizani. Ravelina anayelia, mfuate. Ravelina aliyelala, kaa chini, aliyelala hana haraka. Na wewe kaka, huyo mtoto unambeba au unatafuta pa kumtua?"

Kaka alikuwa kijana wa shati la bluu lililokunjwa mikono, viatu vimeng'arishwa kama vya bwana harusi, na mtoto amemshika mbele yake kwa mikono miwili kama sufuria ya moto.

"Namheshimu tu, Sista. Tumefahamiana leo asubuhi."

"Mama yake?"

"Yuko kazini. Ni dada yangu. Mimi ni mjomba."

"Mtoto anaitwa nani?"

Mjomba aliangalia dari. Akaangalia viatu vyake. "Ravelina," alisema kwa sauti ndogo, kama mtu anayekiri kuvunja sahani ya wageni.

Ukumbi mzima ulicheka. Hata wale waliokuwa wanagombana walicheka.

"Mungu wangu," alisema Pilipili. "Mwaka juzi kila mvulana alikuwa yule mchezaji mpira. Mwaka jana kila msichana alikuwa yule mwimbaji, mpaka alipoachika, jina likaisha. Sasa hili la tamthilia. Kuna mtu mmoja kakaa huko kwenye televisheni anatuamulia watoto wetu waitwe nani. Nikimpata, nitamdunga sindano isiyo na dawa."

Yule kijana alikohoa.

Tamthilia yenyewe ilikuwa ya kigeni, imetiwa sauti za Kiswahili, na jioni ikianza barabara zilipungua watu. Ravelina alikuwa binti wa dobi aliyemkataa tajiri mzee mbele ya ukoo mzima, akarudi zake kupiga pasi mashati ya watu huku machozi yakidondokea kola. Wanawake wengi wa mji ule waliokuwa na mimba walilia naye. Walipojifungua wa kike, hawakufikiria mara mbili.

Zamu ya mjomba ilipofika, Pilipili alimdunga mtoto pajani. Mtoto alipiga ukelele. Pilipili alipoinua kichwa, aliona macho ya mjomba nayo yamejaa maji.

"Mbona hukuniambia itauma hivi?"

"Kwani nimekudunga wewe?"

"Nimesikia kama ni mimi."

Pilipili aligeuka upesi kutafuta pamba, ili asionekane anacheka.

Siku chache baadaye kijana akarudi, safari hii bila mtoto. Alivaa shati jeupe na kunukia sabuni, akasimama mlangoni wakati wauguzi wanafunga madirisha.

"Nimekuja kuuliza kuhusu homa."

"Homa ya mtoto au yako?"

"Ya mtoto imeshapona."

"Basi yako nunua vidonge dukani."

"Duka la juisi lile ng'ambo ya barabara wanauza?"

Pilipili alimtazama kuanzia viatu hadi nywele, kama anayekagua chupa ya dawa kama haijapitwa na muda. Akachukua mkoba wake.

Waliketi karibu na dirisha. Juisi ilikuwa baridi, feni ya darini inapiga kelele, na nje watu wanarudi kazini wakisukumana.

"Unafanya kazi gani?" aliuliza Pilipili. "Usiniambie mfanyabiashara. Kila mwanaume asiye na kazi ni mfanyabiashara."

"Naangalia midomo ya watu."

"Daktari wa meno?"

"Natafsiri tamthilia. Lakini si kutafsiri tu. Mtu wa kwenye picha akifungua mdomo mara tatu, nami lazima niandike maneno ya kufungua mdomo mara tatu. Neno likizidi, unamwona mtu kafunga mdomo na bado anaongea. Studio wananiita Mdomo."

Pilipili aliachia mrija. "Tamthilia gani?"

"Nyingi."

"Mdomo. Tamthilia gani?"

"Hiyo hiyo unayoifikiria."

"Na jina la yule binti?"

"La kwao lilikuwa halitamkiki. Mkuu wa studio akasema badilisha. Nikabadilisha."

"Kwa hiyo ni wewe!" Alimpiga begani kwa leso. "Ni wewe unayenifanya nipige kelele kila asubuhi mpaka koo linakauka!"

"Ulisema sindano isiyo na dawa."

"Bado nasema."

Pilipili alicheka mpaka watu wa meza ya pili wakageuka. Jambo moja hakuuliza siku ile, wala siku zilizofuata: jina lenyewe alilitoa wapi. Laiti angeuliza mapema, tungeokoa machozi mengi.

Mapenzi yao hayakuwa ya kujificha. Asubuhi simu iliita kabla Pilipili hajavaa viatu.

"Pilipili wangu, umeamka?"

"Nimeamka, nimeoga, nimechelewa. Sema."

"Nilitaka tu kusikia ukali kidogo ndipo siku ianze."

"Kanywe chai, utapata joto."

"Chai haina sauti kama yako, mpenzi."

"Mdomo, nakata simu." Na hakukata.

Jioni moja wakiwa wameketi kwenye ngazi za nyumba aliyopanga, akiwa na kanga mabegani na miguu imetolewa viatu, Pilipili alimwambia jambo ambalo huwa hamwambii mtu. Jina lake la kweli alipewa na baba yake. Alipokuwa darasa la nne, mama yake aligundua kwamba lilikuwa jina la mwanamke ambaye baba alimpenda zamani akamkosa. Baba hakukana. Tangu siku ile mama hakulitamka tena. Alimwita mwanangu, akimkasirikia alimwita wewe, na baba alipofariki, jina lile likabaki kwenye vyeti tu.

"Mama aliishi na mume ambaye kila akimwita mtoto wake, alikuwa anamwita mwanamke mwingine," alisema Pilipili. "Mimi siwezi. Mtu akija kwangu aje peke yake. Asije na kivuli cha mtu."

"Nakuja peke yangu," alisema Mdomo, akamshika mkono. "Na nataka nije kwa mama yako. Mwisho wa mwezi, Jumapili. Unasemaje?"

"Uvae lile shati la bluu," alisema. Hilo ndilo lilikuwa jibu.

Sasa sikiliza namna mtu mzima anavyoweza kujichimbia shimo mwenyewe. Tamthilia ilikuwa inakaribia mwisho, na kampuni ya studio ilikuwa na redio yake. Wakamwita Mdomo kwenye kipindi cha asubuhi. Kliniki palikuwa na redio juu ya kabati, na mwanamke wa usafi aliongeza sauti aliposikia tamthilia inatajwa. Ukumbi ukatulia. Pilipili alikuwa na sindano mkononi na tabasamu la siri usoni.

"Watoto wa mji mzima wanaitwa Ravelina," alisema mtangazaji. "Tuambie leo, jina hili tamu ulilitoa wapi?"

Halafu ile sauti, sauti aliyozoea kuisikia akifunga viatu, ikasema taratibu:

"Kulikuwa na mwanamke. Aliitwa hivyo. Tulipoteana. Nikasema, basi, nitaliweka jina lake mahali ambapo halitasahaulika."

"Aaah!" ukumbi mzima ulipumua. Mama mmoja alifuta macho kwa ncha ya nguo ya mtoto. "Wanaume wa hivyo bado wapo jamani?"

Pilipili aliweka sindano kwenye trei. "Nisubirini kidogo," alisema, akaingia chumba cha dawa, akasimama katikati ya maboksi ya pamba akayahesabu yote. Kisha akatoka akamaliza watoto wote waliobaki, na hakuna mama aliyejua.

Simu iliita mchana.

"Pilipili wangu..."

"Usiniite hivyo. Niite Ravelina, ndilo ulilozoea."

"Nisikilize. Ule ni uongo. Hakuna mwanamke. Aliniuliza ghafla, nikaona aibu kusema ukweli."

"Ukweli gani wa aibu kuliko huo?"

"Jina nimelitoa kwenye feni."

"Kwenye nini?"

"Feni, mpenzi. Feni ya studio. Jina la kampuni lilikuwa limeandikwa pale katikati. Tulikuwa tunarekodi siku hiyo hiyo, yule binti anafungua mdomo mara nne na mwisho anauacha wazi, nimejaribu majina mpaka nimechoka, hakuna linalokaa. Nikainua kichwa nipate hewa, nikasoma. Likakaa sawasawa."

"Kwa hiyo watoto wote ninaowachanja ni feni."

"Unaona! Ningesemaje hivyo redioni? Akina mama wanasikiliza!"

"Sawa. Nipeleke nikaione."

"Iliungua," alisema Mdomo. "Waliitupa mwezi wa pili."

"Iliungua. Na bibi mwenyewe alipotea. Vitu vyako vinapotea kwa urahisi sana, kaka."

Alimwita kaka, kama tunavyomwita mtu yeyote anayetuuzia vocha. Akakata simu, na safari hii alikata kweli.

Jumapili ya mwisho wa mwezi ilifika. Mama yake alikuwa amefua mapazia, amepanga vikombe vya wageni, vile vyenye ukingo wa dhahabu. Pilipili alikuja peke yake akaanza kuvirudisha kabatini kwa nguvu, kimoja kikavunjika.

"Yule kijana yuko wapi?"

"Haji."

"Kwa nini?"

Akamweleza. Mama alikuwa anakunja shuka, na hakuacha kukunja.

"Kumbe yule wa redioni ndiye wako," alisema. "Nilimsikia. Nikasema, masikini mwanamke atakayeolewa na huyo."

"Basi hataolewa mtu."

"Anasema ni feni?"

"Anasema ni feni."

Mama alilaza shuka juu ya shuka. "Mwanaume anayetunga uongo hujipamba. Feni si pambo. Lakini mimi usinisikilize, mimi niliamini mengi." Akachukua shuka jingine, akaongeza, "Usimrudie kwa sababu umemmiss. Na usimwache kwa sababu yangu."

Siku zikapita za kazi na usingizi mbovu. Mdomo alipiga simu, haikupokelewa. Alituma ujumbe, ukasomwa, haukujibiwa. Ndipo jioni moja Pilipili akamkuta amesimama kwenye geti la kliniki, amekonda kidogo, shati halijapigwa pasi.

"Sikuja kubembeleza," alisema kabla hajaulizwa. "Nimekuja kukuambia kabla hujasikia. Wasikilizaji wamepagawa na ile habari. Mkuu wa studio anataka Ijumaa tumlete Ravelina wa kweli hewani. Amepata msanii, ameshashonewa gauni. Tunakutana redioni baada ya miaka mingi, analia, nalia. Wenye matangazo wameshakubali. Nikikataa, kazi sina."

"Na mimi unataka nifanye nini?"

"Ujue tu kwamba si kweli. Ukisikia, ujue."

Pilipili alimsogelea, si kwa mapenzi. "Mama yangu ana redio. Majirani wana redio. Wale akina mama mle ndani wote wana masikio. Uongo umeusema kwenye maikrofoni, halafu unataka kuufuta kwa kuninong'oneza getini? Niolewe na ukweli wangu mfukoni, na mji mzima unamjua mwanamke mwingine?"

"Nikisema ni feni watawacheka hao akina mama. Watawacheka watoto."

Pilipili aliwajua wale watoto kwa uzito wao na kwa vilio vyao. Alijua nani ana vipele vya joto na nani anakataa kunyonya kushoto.

"Hilo linaniuma hata mimi," alisema mwishowe. "Sijui. Kweli sijui. Ninachojua ni kwamba siwezi kuwa wa pili kwa mwanamke ambaye hata hakuzaliwa."

Akaondoka. Hakugeuka nyuma, ingawa shingo ilimuuma kwa kutogeuka.

Ijumaa ukumbi ulijaa kuliko kawaida. Wengine walikuja na watoto wasio na chanjo siku hiyo, ili wasikilize pamoja. Mwanamke wa usafi aliipandisha redio hadi juu ya friji ya dawa. Pilipili alijipa kazi ya kupanga kadi ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Akajiambia hasikilizi.

Muziki wa vinanda ukalia. Mtangazaji akaeleza, sauti inatetemeka kwa kulipwa vizuri, kwamba leo wapendanao wawili wanaonana. Mlango ukafunguka hewani. Visigino vikagonga sakafu. Mwanamke akaanza kulia, kilio kizuri, cha mafunzo.

"Ni mimi," alisema. "Ravelina wako."

"Miaka yote hii!" alisema mtangazaji. "Sasa amesimama mbele yako. Unamwambia nini?"

Kiti kikaburutwa.

"Namwambia pole kwa usumbufu, dada," ilisema sauti ya Mdomo. "Wewe huna kosa, umepewa kazi. Wasikilizaji, huyu ni msanii, na tumeonana leo kwenye ngazi. Hakuna mwanamke aliyewahi kuitwa hivyo maishani mwangu. Nilidanganya. Jina nililitoa kwenye feni ya studio, kwa sababu lilikaa kwenye mdomo wa yule binti. Ningeweza kutunga kitu kizuri zaidi, na nilitunga, na kimemuumiza mtu. Kuna mwanamke mmoja tu ninayempenda. Jina lake sitalitaja hapa, ni lake, nimeshachezea majina ya kutosha. Na akina mama wenye watoto, nawaomba rad..."

Muziki ukamfunika katikati ya neno.

Hakuna aliyecheka. Mtoto mmoja alipiga chafya. Pilipili alishika ukingo wa meza, akawatazama wale wanawake mmoja mmoja, na moyo wake ulikuwa mdogo. Furaha ilikuwa imemjaa, lakini hakuthubutu kuionyesha.

"Feni?" alisema mama wa gauni la njano.

"Feni," alijibu mwenzake.

"Ndiyo maana wangu hatulii!"

Kicheko kikapasuka hata watoto wakashtuka. "Ningejua, ningemwita friji, kila wiki ana homa!" "Mume wangu alisema jina ni la kifalme, kumbe ni la dukani!" "Na wewe mama wa soda, wako analala tu, huyo feni yake haina umeme!"

Mama wa soda alikuwa mkubwa kuliko wote, mtoto wake wa tano. Alisubiri wachoke.

"Mimi hata huyo mpenzi wake nilikuwa simjui nilipojifungua," alisema. "Nilimpa jina kwa sababu ya binti wa dobi. Mwanamke amesimama mbele ya ukoo mzima kasema hapana, simtaki. Mimi maishani mwangu sijawahi kumwambia mtu hapana. Nikasema, huyu wangu ataweza. Sasa feni inanihusu nini? Nilipokuwa nasukuma, feni haikuwepo." Akamweka mtoto vizuri begani. "Jina ni la mwanangu. Mwenye nalo ni yeye."

"Kweli kabisa," walisema. "Kweli, mama."

Pilipili aliketi kwenye kiti cha kupimia, pumzi ikamtoka ndefu, kama mtu aliyetua ndoo ya maji aliyoibeba tangu darasa la nne. Alilitamka jina lake mwenyewe, kimoyomoyo, na hakuna kilichotokea. Lilikuwa jina tu. Yeye ndiye aliyeliitikia shuleni, na vyeti vilikuwa vyake. Yule mwanamke mwingine labda hata hakujua kwamba Pilipili yupo.

Akasimama, akavua aproni, akamtupia muuguzi mwenzake.

"Nimalizie, wamebaki wachache."

"Unaenda wapi na kazi haijaisha?"

"Kuna mtu naenda kumchukua."

Mama wa gauni la njano alimkazia macho. "Sista. Usiniambie. Ni wewe?"

Pilipili hakujibu, ila uso ulijibu. Vigelegele vilimsindikiza mpaka barabarani.

Alimkuta ameketi kwenye ukingo wa barabara nje ya jengo la redio, shati la bluu limelowa jasho mgongoni, pembeni yake mfuko wa plastiki wenye kikombe, chaja na kamusi.

"Nimefukuzwa," alisema Mdomo akimwona.

"Nimeona kikombe."

"Mkuu amesema nisirudi hata kufuata koti."

"Lile koti lilikuwa baya."

Mdomo alicheka kidogo, halafu akaangalia chini. "Hukuja kunihurumia?"

"Mimi sina huruma, uliza watoto." Akaketi kando yake, gauni jeupe na vumbi lote lile. Akamshika mkono. "Umesema mbele ya watu. Imetosha. Imezidi."

"Akina mama wamesemaje?"

"Wamekucheka wewe. Watoto hawana shida." Akavuta pumzi. "Mpenzi, kwa mama ulikuwa uje Jumapili ikashindikana. Twende leo."

"Leo? Hivi nilivyo? Pilipili, sina kazi."

"Midomo iko kila mahali, utapata pengine. Mimi mshahara wangu unatosha chumba na wali. Unakuja au huji?"

Mdomo alisimama, akapangusa suruali. "Nakuja."

Pilipili alishatoa simu.

"Mama, uko nyumbani?"

"Nitakuwa wapi? Ndiyo nimezima redio."

"Nakuja na mtu."

"Najua. Mwambie asipitie dukani kununua kitu, hana kazi."

Walifika mapazia yakiwa yamefungwa vizuri na meza imefutwa. Mama alikuwa ameketi kwenye kiti cha karibu na mlango, kanga mpya kiunoni, mikono mapajani.

"Shikamoo mama," alisema Mdomo, mfuko wake wa plastiki mkononi, hajui auweke wapi.

"Marahaba. Weka chini huo mfuko. Kaa. Sitaki maneno ya redioni hapa. Umefuata nini?"

"Nimekuja kumposa binti yako."

"Ulipofungua mdomo pale, ulijua watakufukuza?"

"Nilijua."

"Na ulijua kwamba huyu atakurudia?"

"Hapana, mama. Hakunipokelea simu wiki zote hizo. Sikujua."

Mama alimtazama. Uso wake ulikuwa mgumu, kisha ukalegea kuanzia kwenye macho. Alimgeukia binti yake.

"Na wewe unamtaka?"

"Namtaka, mama."

"Si umemkasirikia juzi hapa, mpaka umenivunjia kikombe?"

"Nilimkasirikia. Namtaka."

"Haya," alisema mama. Akachukua simu yake mezani, akaisogeza mbali na macho ili aone vizuri namba, akapiga kwa kaka yake mkubwa. "Kaka, vaa viatu uje. Kuna kijana hapa anataka kumuoa mwanangu, na mimi nimekubali, anakungoja wewe tu. Lini? Sasa hivi, kaka. Chai ipo jikoni."